Mwanangu, nitumie namba ya mtu mmoja wa huko

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Presha ya baba yako imeshuka, mdogo wako yumo kwenye pilikapilika za mtihani wa kidato cha nne, na vuli imeanza kwa fujo. Nimeamua kushika kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikikuuliza jambo la maana unasema "Mama usijali," halafu unanigeuzia habari. Kurasa hizi mdogo wako atazipiga picha akutumie. Zisome zote, usiruke.

Ile sauti yako ndefu ya juzi, ya kutueleza ulivyoukuta mji wa Hamburg huko Ujerumani, nimeisikiliza tena na tena. Baba yako alipunguza redio akasogeza kiti. Treni zisizo na kondakta wala geti, mtu anaingia tu na kukaa, halafu ghafla abiria uliyemdhania mwenzako anatoa kitambulisho na kudai tiketi, na asiye nayo analipa yuro 60. Tiketi moja ya mwezi ya yuro 49 unayopandia mabasi na treni za kawaida nchi nzima. Maduka kufungwa Jumapili, ukashinda kwa chai na mkate kwa kuwa hakuna aliyekuambia ununue Jumamosi. Chupa tupu ya maji kurudishiwa senti 25 dukani. Giza kuingia saa kumi na nusu jioni. Watu kufungua madirisha kwenye baridi ili hewa ibadilike. Yote umeyasimulia vizuri, na baba yako amekwenda kuyamwaga kijiweni siku hiyohiyo.

Lakini baada ya habari ya chupa, kabla hujafika kwenye mapipa ya taka, ukapitisha sentensi moja haraka haraka: kwamba ulipata homa siku mbili, ukalala, ikaisha. Ukaendelea na mapipa.

Nilirudisha pale nikasikiliza upya. Siku mbili za mapumziko, kwa hiyo kazini hakuna wa kukuulizia. Ghorofa ya nne, mlango umefungwa kwa ndani. Sasa nakuuliza, na nitaendelea kukuuliza mpaka unijibu: nani alijua? Nani alikuletea maji? Na kama zingekuwa siku nne, nani angegonga?

Nianze na lisiloweza kusubiri. Umetoka Dar mwezi Septemba. Malaria haihitaji mbu wa Hamburg. Unaweza kuwa uliondoka nayo hapahapa Temeke, ikakaa mwilini wiki kadhaa, hata miezi, ndipo ikajitokeza. Huku kwetu mtu akishika kichwa tu, hata konda wa daladala atamwambia akapime. Huko daktari anaweza kukaa muda mrefu sana bila kukutana na mgonjwa wa malaria, na akikuona una homa mwezi Novemba atawaza mafua ya msimu, akuambie unywe vitu vya moto na kupumzika. Wewe ndiye wa kumkumbusha. Ukipata homa tena, hata ndogo, hata kama na mafua yapo, neno lako la kwanza kabla ya kutaja dalili liwe hili: nimetoka Tanzania mwezi Septemba, naomba kipimo cha malaria leo. Leo, si kesho. Malaria ya kwetu inaweza kumgeuza mtu ndani ya siku moja, na wewe umeyaona hayo ulipokuwa unanisubiri nitoke zamu hospitalini, hukuhitaji kusoma kitabuni. Na hata kama homa ile imepita, nenda ukapime tu roho itulie. Yako na yangu.

Namba yao ya dharura ni 112. Kama jambo si la kufa na kupona lakini ni usiku au mwisho wa juma, daktari wa zamu anapatikana kwa 116117. Ziandike kwenye karatasi uzibandike ukutani karibu na kitanda. Usiniambie zimo kwenye simu. Mtu mwenye joto la 40 hata namba ya siri ya kufungulia simu anaisahau.

Halafu kuna hili la fomu. Ulipojaza zile fomu za kazini na za bima, pale panapotaka jina la mtu wa kupigiwa likitokea la kutokea, uliandika nani? Najua uliniandika mimi, na najua uliniandika kwa mapenzi. Lakini mimi nimefungua mafaili ya wagonjwa saa nane za usiku kwa miaka mingi. Muuguzi wa Hamburg akikuta namba ya Tanzania atapiga, tuseme, nami nitapokea. Nitamwambia nini? Nitafika na nini? Nimewahi kupokea mzee aliyeletwa wodini na wasamaria, kwenye kitambulisho chake mkewe ameandika namba ya mtoto kwa kalamu ya wino, na mtoto yuko Mwanza. Tulimpata, akalia kwenye simu, na zaidi ya kulia hakuwa na la kufanya usiku ule. Aliyemshika yule mzee mkono ni mgonjwa wa kitanda cha pili.

Kwa hiyo nataka namba ya mtu mmoja. Si lazima awe rafiki. Si lazima awe Mtanzania wala Mwislamu wala msichana wa rika lako. Awe mtu anayekaa karibu na wewe kiasi cha kuweza kupanda ngazi na kugonga. Namba yake niwe nayo mimi, yangu awe nayo yeye, na kwenye zile fomu jina lake likae juu ya langu.

Ile picha ya mlango wa jengo lenu niliivuta kwa vidole ikawa kubwa mpaka ikapoteza rangi. Vitufe vya kengele vimepangwa safu mbili, kila kimoja na jina la ukoo pembeni. Mengi yamechapwa, moja limeandikwa kwa mkono na wino umepauka, jingine limebandikiwa juu ya jingine na kona yake imenyanyuka. Nikatafuta jina la baba yako. Halipo. Nilipokuuliza ukaniambia kitufe chako bado kina jina la aliyekaa hapo zamani, kwamba utabadilisha ukipata nafasi, kwamba si shida.

Ni shida, mwanangu. Umeniambia mwenyewe kadi yako ya bima ya afya inaletwa kwa posta, na barua za ofisi ya wageni zinaletwa kwa posta, na tarishi anafuata jina lililo kwenye sanduku. Jina lako lisipokuwepo barua inarudi ilikotoka, halafu unaambiwa hukujibu. Hilo ni moja. La pili, mtu akitaka kukuita, ataita jina gani? Ulijiandikisha kwenye ofisi yao ndani ya wiki mbili kama sheria inavyotaka, na karatasi ya mwenye nyumba ulipeleka, na nilikusifu. Kwa hiyo serikali ya Hamburg inajua unapolala, na wa mlango unaotazamana na wako hajui. Chukua karatasi leo, andika jina kwa herufi kubwa, gundi ipo. Jambo la dakika tano umelikalisha mwezi mzima.

Usinione nina kichwa kigumu. Ya usiku wa degedege unayajua, jirani yetu Bibi Mpemba amekusimulia kila Idi, siyarudii. Ambalo hukuambiwa ni kwamba zamu ile haikuwa yangu. Mwenzangu alikuwa na msiba, nikaiomba mwenyewe kwa ajili ya posho, ada ya shule ilikuwa imefika, na baba yako alikuwa safarini. Jioni ile ulikuwa na joto kidogo. Nilikugusa, nikakupa dawa ya maji, nikakufunika, nikaenda kazini. Nikiwa wodini nawapoza watoto wa wenzangu kwa vitambaa vya maji, wewe ulikuwa unapozwa na mtu ambaye si ndugu yetu wa upande wowote.

Na miaka yote sikuwahi kumuuliza alijuaje, mpaka juzi baada ya kusikia sauti yako. Nilikwenda nikakaa kitandani kwake nikamuuliza. Akasema ulikuwa na kawaida ya kuimba kabla ya kulala, ukuta wetu ni mmoja, alikuwa anakusikia kila siku. Usiku ule hakusikia kitu. Akajiambia labda umelala mapema, akajilaza, akashindwa, akaja kugonga. Kwa kuwa ufunguo wa akiba ulikuwa kwake, akaingia.

Huko nani anajua unaimba saa ngapi?

Sasa nije kwa yule mzee wa chini. Wewe umenisimulia kama mkasa wa kuudhi: umetupa mfuko wako wa taka, amekuja nao mpaka ghorofani, ameufungua mlangoni kwako, ameanza kutoa kimoja kimoja, hiki cha karatasi, hiki cha plastiki, haya maganda yana pipa lake, huku anasema kwa sauti na kunyoosha kidole. Ukaona aibu, ukakasirika, na ukamalizia kwa kusema watu wa huko hawakusalimii lakini taka zako wanazipekua.

Mimi nimesikia kingine kabisa. Nimesikia mtu mzima, mwenye magoti ya uzee, aliyepanda ngazi ghorofa nne na mfuko wa taka mkononi. Alijuaje kuwa ni zako? Ina maana anakuona ukitoka na ukirudi. Anajua mgeni wa ghorofa ya nne ni yupi. Katika jengo zima lenye majina yale yote, huyo peke yake ameshagonga mlango wako. Na wewe umemweka kwenye kundi la watu wabaya.

Mwendee. Si kwa kumpigia magoti na si kwa kuomba radhi mara mia. Nenda Jumamosi asubuhi, saa nne au tano, maana usiku wanataka utulivu na Jumapili ni siku yao ya kupumzika. Pika visheti vichache, vya sukari kidogo, uweke kwenye sahani safi. Mwambie jina lako, mwambie umetoka Dar es Salaam, unasomea uuguzi, mapipa bado yanakuchanganya, akuelekeze tena polepole. Mtu anayejali taka kiasi hicho atafurahi kuulizwa. Muache aongee. Kijerumani umekisomea pale Goethe, Upanga, kwa daladala mbili kwenda na mbili kurudi, si cha kufungia kabatini ukikutana na Mjerumani mkali. Ukishamaliza ndipo umwambie: mimi naishi peke yangu, mama yangu ana wasiwasi, naomba nikuachie namba yake. Mtaje mama. Wazee wa kila nchi wanaelewa hilo.

Na ukitoka usiku au ukirudi alfajiri, ukimkuta, msalimie wewe kwanza. Umelalamika sana kwamba hawasalimii. Wewe umewasalimia wangapi? Wewe ndiye mgeni, na mgeni ndiye anayebisha hodi. Hata hapa mtaani kwetu, mpangaji mpya anayepita kimya na mifuko yake ya plastiki bila kusimama, tunamwita vipi? Unajua tunavyomwita.

Halafu hili la wazee unaowahudumia. Umesema limekuumiza kuona mama wa miaka zaidi ya tisini anakaa kwenye nyumba ya wazee na kila asubuhi anauliza mwanawe anakuja siku gani, na umesema Wajerumani hawana utu. Futa kauli hiyo. Hujui mwanawe anaishi wapi, hujui anafanya kazi gani, hujui walivyolelewa. Mimi nimefunga maiti za wazee wa Dar hii hii waliokuwa na watoto sita, na hakuna hata mmoja aliyefika saa ya kutazama wagonjwa. Mama yule mjibu kila siku kama ndiyo mara ya kwanza anauliza. Usimdanganye kwamba mwanawe anakuja kesho. Mwambie, "Leo niko mimi."

Uliposema unamwomba ruhusa kabla ya kumgusa, na maji unayapima kwa kiwiko kwanza, nilizima simu nikakaa. Hayo hukufundishwa huko. Msimamizi wako akikusifu usikae kimya kwa haya, mwambie mama yangu alikuwa muuguzi. Nina fahari na wewe ambayo sijui niiweke wapi. Mafunzo ya miaka mitatu unayalipwa huku unasoma, mimi nilisoma kwa mkopo wa mjomba na viatu vya kuazima. Basi ndiyo maana sitaki kusikia umelala siku mbili kama mtu asiye na kwao.

Kwa kuwa unakaa kwenye giza hilo, jambo la kitabibu jingine: sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, na huko kuanzia Oktoba mpaka Machi jua halitoshi hata kwa wenyeji. Muulize daktari akupime na akuambie kiasi cha kumeza. Usinunue tu kwa kushauriwa na wenzako. Na siku ukiwa na mapumziko, mchana toka nje japo kuna baridi. Mtu akishinda ndani kwenye giza, mawazo yanamla.

Ule udi aliokupa Bibi Mpemba usiuchome chumbani, kile kidude cha dari kitapiga kelele jengo zima. Unuse tu.

Baba yako yeye ana wasiwasi wa aina nyingine. Unamjua na DW yake, ile redio ya Wajerumani, asubuhi na jioni. Alhamisi aliingia ndani na uso umembadilika, Kansela Scholz amemfukuza waziri wake wa fedha, serikali ya vyama vitatu imevunjika, kutakuwa na uchaguzi wa mapema, na wenye kupinga wageni wanaweza kupata viti vingi. Akataka tukupigie saa ileile. Nikamwambia asikutie hofu. Ujerumani ina sheria, una mkataba, una kibali. Mimi serikali yao hainikoseshi usingizi. Linalonikosesha nimeshaliandika. Lakini na wewe ukipata dakika mpigie baba yako umweleze mambo yalivyo kwenye mitaa yenu, maana akikusikia wewe anaamini kuliko redio.

Kijiweni amewachosha wenzake na Liemba. Sasa kila mtu pale anajua kwamba meli aliyopanda babu yako kutoka Kigoma iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar kwa maboksi, ikapanda reli mpaka ziwani, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 na Waingereza wakaiibua 1924. Anamaliza kwa kusema, "Wao walituletea meli, mimi nimewapelekea binti." Ananiambia pia Dar na Hamburg ni miji rafiki tangu 2010, makubaliano yametiwa saini. Vizuri. Mameya waliotia saini hawatakupandia ngazi.

Ile hela uliyotuma. Nilikasirika na bado nina hasira kidogo. Mshahara wa kwanza mtu ananunua koti, viatu visivyopitisha maji, na anaweka akiba ya kodi. Hatumi hela kwa wazazi ambao wana paa na chakula. Nilisema sitaigusa, nitakuwekea. Mvua ya Alhamisi ikaamua vingine: bati la upande wa jikoni limeachia, maji yakaingia kwenye gunia la mchele, nikampa fundi nusu yake. Nusu ipo. Usitume nyingine mpaka Machi, na kabla ya hapo nataka kuona picha yako ndani ya koti, na koti lifike magotini.

Deni la kikoba la tiketi yako limebaki kidogo, usiniulize kiasi gani, mambo yanakwenda. Kuku wamebaki saba, kideri kimepita. Gesi ya mtungi mdogo naitumia asubuhi tu, maharage nayapikia mkaa. LUKU inakula hela kwa sababu mdogo wako anasoma mpaka usiku wa manane na feni imewashwa, lakini simgombezi, mtihani ukiisha nitaizima mwenyewe. Anasema naye atakuja huko. Nimemwambia kwanza alete matokeo.

Kiwanja cha Chanika kina tatizo. Jirani amepanda mihogo imevuka jiwe la mpaka na kuingia kwetu. Baba yako anataka kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa wa kule, nimemwambia avumilie, tarehe 27 mwezi huu ni uchaguzi wa serikali za mitaa, asije akamweleza mtu shida akaja kukuta kiti kina mtu mwingine. Ile hati ya mauziano uliyoipiga picha kabla hujaondoka, itafute kwenye simu yako uitume kwa mdogo wako. Ile ya karatasi imelowa pembeni, saini ya shahidi wa pili haisomeki vizuri.

Bibi Mpemba nyonga inamsumbua, haendi tena uani peke yake. Asubuhi nampelekea uji wa mchele kabla sijafanya chochote, na ufunguo wake sasa nakaa nao mimi. Anakuulizia kila siku kama unakula wali. Nimemwambia kuna maduka ya Waturuki na ya Waafrika mitaa ya Steindamm, karibu na stesheni kuu, na nyama ya halali ipo, na misikiti ipo hukohuko. Je, umeshaingia msikitini hata mara moja? Hukunijibu nilipokuuliza. Sikuulizi kwa ajili ya kukuhesabia sala, hilo ni lako na Mola wako. Nakuuliza kwa sababu kina mama wa msikitini, wawe Waturuki, wawe Wasomali, wakikuona mara mbili, Ijumaa ya tatu usipotokea wataulizana. Na yule dada Mkenya uliyesema mnafanya naye zamu, anakaa mbali? Kama anakaa treni moja tu kutoka kwako, naye ni mtu. Ufunguo wako wa pili mpe yeye au mpe mzee wa chini. Usiuweke kwenye droo ndani ya chumba hichohicho, utamsaidia nani mle ndani?

Tangu warudishe saa zao nyuma mwezi uliopita sisi tumewatangulia saa mbili. Usinipigie saa nne yako ya usiku ukidhani niko macho. Nipigie ukitoka zamu ya asubuhi, huku inakuwa jioni, nimeshamaliza kupika. Siku ambazo huna nafasi ya kuongea tuma neno moja tu, "nimeamka." Kila siku, na siku za mapumziko ndiyo zaidi.

Namba nataka niwe nayo kabla ya Ijumaa ijayo. Ukichelewa nitampa mdogo wako simu apige kwenye hiyo nyumba ya wazee unakofanya kazi, Kiingereza cha kuulizia anacho, na nitakaa pembeni yake mpaka wapokee.

Baba yako anakusalimu, mdogo wako anakusalimu, Bibi Mpemba anakusalimu sana.

Mama yako